Baba Anataka Kuona Ninapolala

Siku niliyokabidhiwa ufunguo wa chumba nilikimbia. Sanduku la bati kichwani, ndoo mkononi, jembe kwapani, maana barua ya kuitwa chuoni ilisema kila mwanachuo aje na jembe lake, na bado nilikimbia. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Buswahili alfajiri, nikadandia basi la Musoma, na sasa matroni wa bweni alikuwa amelisoma jina langu kamili kutoka kwenye orodha, akanionyesha pa kutia sahihi, akaniwekea ufunguo kiganjani. Nyumbani kwetu hakuna mlango uliowahi kufungwa kwa ufunguo. Tulizuiaga na gogo, basi. Na kulala kwangu kote kulikuwa kwenye ngozi ya ng'ombe, mimi na wadogo zangu watatu wa kike, mguu wa huyu tumboni kwa yule.

Nikafika kwenye mlango wenye namba kumi na saba. Nikatia ufunguo, nikazungusha, ukagoma. Nikazungusha upande wa pili. Mlango ukafunguka, na ndani palikuwa na msichana amesimama, ananicheka kwa upole.

"Haukuwa umefungwa, dada," akaniambia. "Ulikuwa unaufunga."

Huyo ndiye niliyepangiwa naye. Alikuwa ametoka Lindi, safari ya siku nne, na Kiswahili chake kilikuwa laini mpaka mwanzoni niliona haya kufungua kinywa changu. Chuo kilikuwa na utaratibu wake: watu wa mkoa mmoja hawakai chumba kimoja. Mkuu wa chuo alisema tumekuja kujifunza kuwa walimu wa nchi nzima, kwa hiyo tuanze kwa kulala na nchi nzima. Ndivyo alivyosema, na sisi wasichana tulipoteza adabu kwa kucheka, naye akasafisha koo akaendelea kusoma sheria.

Sheria za bweni zilikuwa kurasa mbili zilizopigwa chapa, zimebandikwa nyuma ya kila mlango. Nilizisoma zote jioni ile ile, mara mbili, kwa furaha ile ile ambayo wengine husomea barua ya mchumba. Hakuna kubadilishana chumba bila idhini. Ukaguzi kila Jumamosi asubuhi, shuka zikunjwe pembe nne. Anayetoka nje ya chuo aombe kibali na aandike saa ya kutoka na ya kurudi. Wageni waonwe barazani Jumapili, saa tisa hadi saa kumi na moja. Na namba tisa, iliyopigiwa mstari: mwanamume wa aina yoyote haruhusiwi kuvuka mlango wa bweni la wasichana.

"Kwani wako wa aina ngapi?" mwenzangu akauliza.

Kitanda chetu kilikuwa cha chuma, cha ghorofa. Yeye akachagua juu, mimi nikachukua chini. Nilipolala chali nikaona godoro lake limebonyea juu yangu kidogo, nikafikiri hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuona kitu hiki. Nikatoa karatasi nikaandika nyumbani.

Hapo ndipo nilipojiponza mwenyewe. Niliandika mambo mengi katika barua ile, lakini sentensi iliyoleta balaa ni hii: "Baba, hapa tunalalaga mmoja juu na mwingine chini, na mimi ndiye niliyepangwa wa chini." Sikutaja kitanda. Kwangu kitanda kilikuwa kitu cha wazi mno hata sikuona sababu ya kukitaja.

Baba alikuwa hajui kusoma. Barua zake alisomewaga na mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na huyo alisoma kila kitu kwa sauti ya darasani. Alisoma ya kwangu mbele ya duka la kijiji, siku watu wamekusanyika kungoja chumvi. Jioni hiyo kijiji kizima kilijua kwamba binti wa fulani, aliyepelekwa Musoma kusomea ualimu, amepangwa wa chini, na kuna mtu analala juu yake.

Jumapili ya tatu nikaitwa barazani. Nikamkuta baba amesimama, hataki kukaa. Amevaa koti lake la kanisani na viatu vya matairi, fimbo mkononi, vumbi la safari limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni nani anayelala juu yako?"

Nilieleza. Nilichora kitanda hewani kwa mikono, nikaeleza miguu minne ya chuma, ngazi ndogo, msichana wa Lindi. Mwenzangu mwenyewe akaja akamwamkia akiwa amepiga goti, na baba akamtazama vizuri, akaona kwa kweli ni msichana, tena mwembamba. Uso wake ukalegea kidogo. Lakini hakukaa.

"Sawa," akasema. "Nimesikia. Sasa nipeleke nikaone."

"Baba, haiwezekani. Sheria inakataza wanaume."

"Mimi ni mwanaume?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli kabisa. "Mimi ni baba yako."

Matroni akaitwa. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo hatukuwahi kuisikia ikipanda, na tulimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Akamsalimia baba kwa heshima zote, akamwomba akae, akamsomea sheria namba tisa.

"Mama," baba akamwambia, "hiyo sheria nimeipenda. Ni nzuri sana. Sasa nifungulie nione."

"Mzee wangu, sheria haina mlango wa pembeni."

"Basi mimi nakaa kwa dada yangu, mtaa wa Kamunyonge. Nakaa mpaka Jumatano. Kama sijaona, Jumatano tunarudi wawili."

Akaniangalia ili nijue wa pili ni nani. Kisha akatoka.

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani kwangu nikalia. Mwenzangu hakuwa mtu wa kulia. Alisimama nyuma ya mlango, anazisoma zile kurasa mbili kwa kidole, na ghafla akapiga makofi.

"Shoga, hapa! Isipokuwa daktari, zimamoto na fundi mwenye kibali. Baba yako ana ufundi gani?"

Ufundi anao. Baba alichongaga mipini ya majembe na vigoda, na watu walitoka mbali kuja kuvichukua. Na dirisha la chumba chetu komeo lake lilikuwa bovu, jambo ambalo tulikuwa tumeshaliandika kwenye daftari la matengenezo. Tukachangamka. Mwenzangu akashika kalamu akaandika hati ya kuombea fundi kibali kwa mwandiko mzuri kuliko wa karani. Jumatatu baada ya masomo nikaomba ruhusa ya kutoka, nikaandika saa kwenye daftari, nikashuka Kamunyonge karibu ninaruka.

Nilimkuta baba amekaa kibarazani kwa shangazi, wanakula ugali na sato wa mchuzi. Nikamweleza mpango wetu. Utaingia kama fundi, baba, na nyundo, utafunga komeo, utaona kila kitu, utatoka. Shangazi akacheka mpaka akajishika mbavu.

Baba akanawa mikono taratibu.

"Siwezi kuingia kwa mwanangu kwa jina la fundi," akasema.

"Lakini baba, ni kuingia tu."

"Kaa chini."

Nikakaa. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale aliyoniambia siku ile kwa Kizanaki chetu, kibarazani kwa shangazi, sikuwa nimewahi kuyasikia, ingawa nilikuwepo yalipotokea.

"Siku tuliyohamishiwa kijiji kipya," akasema, "alikuja kijana na karatasi. Karatasi ina jina langu. Akaniambia, mzee, wewe kiwanja chako ni cha arobaini na moja, kiko kwenye mstari wa tatu, kizuri sana. Mimi nikaamini karatasi. Tukabomoa, tukapakia mahindi, mama yako ana mtoto mgongoni. Tukafika. Unakumbuka tulikuta nini?"

Nilikumbuka. Kigingi cha mti na namba. Kando yake mwamba mkubwa kama ng'ombe wawili waliolala. Hakuna hata kijiti cha kivuli. Tulikaa chini ya turubai mpaka baba alipomaliza nyumba, na mdogo wangu mmoja aliugua kifua muda ule wote.

"Sikatai kijiji," akasema. "Sasa hivi tuna shule, tuna kisima, nakubali. Lakini nilijiapia. Hakuna mtu wa kwangu atapangiwa mahali pa kulala na karatasi, mimi sijaenda kuona kwa macho yangu, na kwa jina langu. Kama wana nyumba nzuri, wanificheje?"

Nilikuwa nimekuja na mpango wa kuchekesha, nikajiona mdogo kama punje. Lakini kitu kingine kikanipanda kifuani, na si huzuni. Ilikuwa hamu ya kusimama mahali nikasema.

Nikarudi chuoni kabla ya saa niliyoandika. Sikupita chumbani. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa matroni.

"Mama, kubadilisha sheria ya bweni utaratibu wake ni upi?"

Akainua kichwa. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Akafungua droo akatoa kitabu cha chuo, akasoma kwa ile sauti yake: mwanachuo anaandika ombi kwa kamati ya bweni, kamati ikikubali inalipeleka kwenye baraza la chuo, baraza linakaa Jumanne alasiri, mwenye ombi anasimama kulieleza.

"Jumanne ni kesho," nikasema.

"Ni kesho," akasema. "Kamati ina watu watano, na sasa hivi watatu wanapalilia mchicha."

Nikakimbilia shambani. Sijui nimekimbia mara ngapi katika habari hii, lakini umri ule miguu yangu haikujua namna nyingine. Nikawapata wenzangu watatu wamejaa udongo mpaka viwiko, wawili wengine wakafuatwa jikoni, tukakaa pale pale matutani. Nikaeleza. Nilidhani watanicheka. Mmoja wao, msichana wa Bunda, mtoto wa wakulima wa pamba, akatupa jembe chini akasema, "Mama yangu ameniuliza kwenye barua kama tunalala sakafuni. Nimemjibu hapana. Ameniuliza tena." Mwingine naye akasema lake. Kila mmoja alikuwa na lake. Ombi likatiwa sahihi tano, moja yake ikiwa na alama ya kidole cha udongo.

Jumanne saa kumi alasiri nilisimama mbele ya baraza. Mkuu wa chuo katikati, wakufunzi pande zote, wawakilishi wa wanachuo, matroni pembeni na vitabu vyake.

"Ndugu mwanachuo," mkuu akasema, "baba yako anaogopa nini hasa?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mwenzangu alikuwa amenisaidia kuinyoosha mchana kutwa, ilikuwa na maneno kama maendeleo na ushirikishwaji. Yote yakapotea. Nikasimulia kigingi. Nikasimulia namba arobaini na moja, mwamba, turubai, kifua cha mdogo wangu. Nikasema baba haogopi kitu, ila ameshapangiwa mahali kwa karatasi mara moja. Nilipomaliza, mkuu aliweka kalamu chini. Nikapata hofu kwamba nimesema jambo ambalo halisemwi mbele ya wakubwa.

Mkufunzi mmoja wa hesabu, mtu mkali, akainua mkono. "Ndugu mwenyekiti, mimi namwonea huruma mzee. Lakini tukimruhusu mmoja leo, kesho watakuja wote."

"Waje!" nikasema. Ilinitoka tu, tena kwa sauti kubwa. "Waje wote, ndugu mwalimu. Tutawafulia shuka."

Watu wakaangua kicheko. Hata yule wa hesabu alijikuna kidevu ili kuficha mdomo. Mkuu akagonga meza, akamgeukia matroni. Sote tukamgeukia. Yeye ndiye aliyekuwa ameilinda sheria namba tisa kwa miaka, na tulijua akisema hapana itakuwa hapana.

Akasimama taratibu, ameshika kile kitabu chake.

"Sheria hii niliomba mimi iandikwe," akasema. "Nilikuwa na sababu, na sababu ziko pale pale. Lakini nilikuwa nafikiria vijana. Sikufikiria wazazi." Akafunua ukurasa. "Jumamosi baada ya ukaguzi bweni linakuwa safi kuliko siku zote. Wakija Jumamosi, baba na mama, kwa zamu, nitasimama mlangoni mwenyewe."

Ikapitishwa. Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne mpaka saa nane, wazazi wote watakaotaka. Mkuu akaagiza barua ipigwe chapa na igongwe muhuri, nakala moja nipewe mkononi.

Jumatano asubuhi nilimfikia baba amekwisha kufunga mzigo wake. Shangazi alikuwa amefunga na wa kwangu pia, wa chakula cha njiani cha kurudi nyumbani. Nikampa barua. Aliipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya muhuri.

"Soma."

Nikasoma. Nilipofika kwenye "wazazi na walezi wote wa wanachuo wanakaribishwa", akaniinulia kiganja.

"Wote?"

"Wote, baba."

"Waliuliza na wao?"

"Hapana. Uliuliza wewe."

Akaikunja barua akaiweka mfuko wa ndani wa koti. Hakucheka, hakunisifu. Akachukua fimbo yake akasema anarudi nyumbani mara moja, kuna watu inabidi wajulishwe.

Siku kumi zile zilikuwa sikukuu. Tulipaka chokaa ukuta wa mbele, na fundi wa chuo akaja kutengeneza komeo la dirisha letu. Tulisugua sakafu kwa mchanga wa ziwani na majani mpaka ikateleza. Mwenzangu alinifundisha kukunja shuka kwa namna ambayo hata mkaguzi wa jeshi angekubali, na jioni tulikaa dirishani tunakisia nani atakuja na nani hatakuja. Yeye wa kwake hakuwakisia. Lindi ni mbali.

Jumamosi yenyewe, saa tatu na nusu, tukasikia honi. Roli la kubebea pamba lilikuwa linaingia langoni taratibu, na nyuma yake kumejaa watu wamesimama, wamevaa nguo za Jumapili. Baba alikuwa amekwenda kwa katibu wa chama cha ushirika, akamwonyesha muhuri, akasema barua ya chuo inataka wazazi, na roli lilikuwa linakwenda Musoma vyovyote vile. Lilipita Butiama, likapita vijiji vya njiani, likaokota kila mwenye binti chuoni. Wa Bunda walikuja na basi, wa Kiriba walikuja kwa miguu na mafurushi ya samaki wakavu. Wasichana walipiga vigelegele mpaka mkuu akatoka ofisini. Mama yangu alishuka kwenye roli akiwa ameshika bakuli la maziwa ya mgando lililofunikwa, na hakuwa amemwaga hata tone njia nzima.

Wakaingia kwa zamu, familia tatu tatu, matroni mlangoni. Zamu yetu ilipofika, nilifungua mlango namba kumi na saba, na safari hii nilijua ufunguo unazungushwa upande gani.

Baba akavua kofia. Akasimama katikati ya chumba, akazunguka polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akagusa ukuta. Akafungua dirisha, akafunga. Akashika nguzo ya kitanda akaitikisa kwa nguvu zake zote, kitanda hakikusogea. Akatazama godoro la juu.

"Wewe mtoto," akamwambia mwenzangu, "panda."

Mwenzangu akapanda ngazi, akalala. Baba akapiga magoti, akaingiza kichwa chini, akatazama mbao moja moja kwa chini. Matroni alikuwa anajizuia kucheka, lakini baba hakuwa na mzaha wowote.

"Sasa ruka ruka kidogo."

Akaruka. Mbao zikalia, zikashika. Baba akatoka chini ya kitanda, akajipangusa magoti.

"Inashika," akasema. Kisha akamgeukia matroni. "Mama, mwanangu ana ufunguo. Mwingine anao nani?"

"Ninao mimi, mzee. Funguo za akiba za vyumba vyote ziko kwenye kabati ofisini kwangu."

"Na kabati linafungwa?"

"Linafungwa."

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi."

"Ukiugua?"

Matroni akakifungua kitabu chake. "Nikiugua," akasema, "unakaa kwa mlinzi."

"Mlinzi ni mwanaume wa aina gani?"

Hakukusudia utani. Alikuwa anauliza tu. Lakini mwenzangu alijifunika uso kwa shuka, na mimi niligeukia ukuta. Matroni hakucheka. Alitoa kalamu nywelini akaandika kitu kwenye kitabu chake, na muhula uliofuata tukakuta sheria mpya: matroni akiwa hayupo, funguo za akiba zinakaa na mwenyekiti wa kamati ya bweni, kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, zikitiwa sahihi na watu wawili.

Wakati wote huo mama yangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda changu, mkono unalipapasa godoro. Nikamwambia, "Mama, jilaze uone." Akakataa, akasema miguu ina vumbi. Matroni mwenyewe akainama akamvua viatu. Mama akajilaza, akanyoosha miguu, akatazama juu. Baba alipoendelea kuuliza habari za bafu na maji, tukasikia pumzi imebadilika. Mama alikuwa amelala fofofo. Mchana kweupe, watu wamemzunguka. Sikuwahi kumwona mama yangu amelala jua likiwa juu, hata akiwa mgonjwa.

Nikanyoosha mkono kumwamsha. Matroni akanishika kiganja.

"Mwache. Zamu inayofuata itaanzia chumba cha pili."

Alilala karibu saa nzima. Tulitoka nje tukaacha mlango wazi kidogo, na wazazi waliopita walinyamaza wenyewe walipomwona.

Tulikuwa ukumbini, watu wanakula, baba alipomwuliza mwenzangu wazazi wake wako meza gani.

"Hawakuja, baba. Kwetu ni mbali sana."

"Basi hawajaona?"

"Hawajaona."

Baba akasukuma sahani. "Lete karatasi," akamwambia. "Andika kwa baba yako. Mwambie mimi nimeona. Kitanda nimekitikisa. Mbao za juu nimeziangalia kwa chini, zote nzima, zinashika. Dirisha linafunga. Maji yapo. Mama mwenye funguo ni mtu wa kweli. Mwambie hata binti yangu mwingine ningemlaza hapo hapo juu. Umeandika?"

"Nimeandika," akasema, na ndipo nikamwona mwenzangu analia kwa mara ya kwanza, machozi yanadondokea karatasi, na baba akawa anamwambia aangalie asilowanishe neno la dirisha.

Roli liliondoka saa tisa, wanaimba. Mama alinipungia mpaka likakata kona.

Jibu kutoka Lindi lilifika baada ya wiki nyingi, bahasha mbili ndani ya moja. Moja ilikuwa ya mwenzangu. Ya pili iliandikwa juu: kwa ndugu yangu wa Mara aliyetazama mbao. Likizo nilikwenda nayo Buswahili, na baba hakutaka mwalimu wa kisomo aisome. Alitaka nisome mimi, mlangoni petu, watu wakiwepo. Yule mzee wa Lindi, mvuvi, aliandika kwamba mkewe alikuwa hajalala vizuri tangu binti yao aondoke, na kwamba siku barua ilipofika alisomewa mara tatu, akalala. Akauliza hali ya pamba, hali ya mvua, na kama ni kweli huko kwetu samaki ni wa maji matamu, na wana ladha gani.

Baba akaikunja barua ile. Kisha akanisogezea kigoda.

"Kaa uandike," akasema. "Anza na samaki."